Waingereza Waliopinga Utawala wa Uingereza Nchini Ayalandi: Mrengo wa Kushoto, 1867 hadi 1991

Tunapofundishwa historia ya ukoloni wa Waingereza, kwa kawaida tunaanzia India na kuishia huku kwetu. Ayalandi hutajwa kwa nadra, ingawa ndiyo iliyokuwa jirani kabisa na watawala wake, na ilikaa chini yao kwa karne nyingi. Insha hii haiwahusu sana Waairishi wenyewe. Inawahusu Waingereza waliosimama upande wao: wasoshalisti, wanachama wa vyama vya wafanyakazi, wanawake waliodai haki ya kura, wabunge wachache, na watu wa kawaida waliogawa vipeperushi kwenye milango ya kambi za jeshi. Watu hawa walikuwa raia wa nchi inayotawala, waliweza kuchapisha magazeti na kupiga kura, na hoja zao zilikuwa na nguvu. Kwa nini basi walifanikiwa kidogo hivyo? Jibu la haraka ni kwamba serikali iliwabana. Jibu hilo lina ukweli, lakini naona kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa ndani ya tabaka lile lile la wafanyakazi walilotaka kulisemea.

Tuanze na mwaka 1867. Tarehe 18 Septemba, kundi la Wafenian, yaani wanamapinduzi wa Kiairishi waliotaka jamhuri, lilivamia gari la polisi mjini Manchester ili kuwaokoa viongozi wao wawili. Viongozi walitoroka, lakini polisi mmoja, Charles Brett, aliuawa kwa risasi. Watu watatu, Allen, Larkin na O'Brien, walinyongwa tarehe 23 Novemba. Kabla ya hapo Baraza Kuu la Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi, ambalo Karl Marx alikuwa mjumbe wake jijini London, lilimwandikia Waziri wa Mambo ya Ndani likiomba wasinyongwe. Hili halikuwa jambo dogo. Ndani ya Baraza hilo walikuwamo viongozi wa vyama vya wafanyakazi vya Kiingereza, na kuwatetea hadharani watu waliohukumiwa kwa kifo cha polisi kulihitaji ujasiri.

Wiki tatu baada ya kunyongwa kwao, Wafenian wengine walilipua ukuta wa gereza la Clerkenwell, London, ili kumtorosha mwenzao. Baruti ilikuwa nyingi mno. Mfungwa hakutoka, ila nyumba za maskini zilizokabili gereza zilibomoka na watu 12 wakafa. Marx alimwandikia rafiki yake Engels siku iliyofuata akikiita kitendo hicho upumbavu mkubwa. Alisema wafanyakazi wa London walikuwa wameanza kuwahurumia Waairishi, na sasa wangekimbilia mikononi mwa serikali. Naomba msomaji alikumbuke tukio hili, maana litarudi baada ya miaka 107 likiwa kubwa zaidi.

Hata hivyo Marx hakuiacha hoja ya Ayalandi. Oktoba 1869 umati mkubwa ulikusanyika Hyde Park kudai wafungwa wa Kifenian waachiliwe, naye alikuwapo pamoja na familia yake. Binti yake Jenny aliandika makala katika gazeti moja la Paris, kwa jina la kubuni, kueleza jinsi wafungwa hao walivyoteswa. Katika miezi hiyo Marx mwenyewe alibadili msimamo. Zamani aliamini kwamba wafanyakazi wa Uingereza wangeshika madaraka kwanza, kisha wangeikomboa Ayalandi. Sasa aliona kinyume chake: wafanyakazi wa Uingereza wasingeweza kujikomboa wao wenyewe mpaka kwanza Ayalandi iachane na Uingereza. Sababu aliieleza katika barua ya Aprili 1870. Mfanyakazi wa Kiingereza alimchukia mwenzake wa Kiairishi kwa kuwa alimwona kama mtu aliyekuja kushusha mishahara, na alijiona yu katika taifa la watawala hata kama tumbo lake lilikuwa tupu. Marx alilinganisha chuki hiyo na ile ya Wazungu maskini kwa Weusi wa Marekani ya Kusini. Kwa maoni yangu, katika maandishi yote ya mrengo wa kushoto kuhusu Ayalandi hakuna lililokaribia uzito wa wazo hili, na pia hakuna lililosahauliwa upesi kama hilo.

Lilisahauliwa na nani? Na viongozi wa wafanyakazi wenyewe. Mwaka 1913 waajiri wa Dublin waliwafungia kazi maelfu ya wafanyakazi kwa sababu ya chama chao. Vyama vya wafanyakazi vya Uingereza vilituma meli ya chakula mwezi Septemba, na watu wa Dublin hawakuusahau msaada huo. Lakini walipoombwa wagome nao kwa mshikamano, mkutano wao wa Desemba ulikataa. Chakula walitoa, kazi hawakuacha. Novemba mwaka huo huo Sylvia Pankhurst alihutubia mkutano wa Albert Hall, London, pamoja na msoshalisti James Connolly, kuwaunga mkono wafanyakazi wa Dublin. Mama yake na dada yake, waliokuwa viongozi wa chama cha wanawake wanaodai kura, hawakupendezwa, na mwanzoni mwa 1914 Sylvia akatolewa chamani. Connolly aliuawa na kikosi cha jeshi tarehe 12 Mei 1916 baada ya maasi ya Pasaka, akiwa amefungwa kwenye kiti kwa sababu majeraha hayakumruhusu kusimama. Gazeti la Sylvia lilikuwa miongoni mwa machache ya Uingereza yaliyoyaeleza maasi yale kwa huruma. Alimtuma mwandishi kijana, Patricia Lynch, kwenda Dublin kujionea. Wakati huo huo Arthur Henderson, kiongozi wa chama cha Labour, alikuwa amekaa katika baraza la mawaziri la serikali iliyowapiga risasi viongozi wa maasi.

Ni Henderson huyo huyo aliyeongoza tume ya Labour iliyokwenda Ayalandi mwishoni mwa 1920, askari wa serikali walipokuwa wakichoma moto nyumba na maduka. Tume ilikuwa bado nchini humo wakati mji wa Cork ulipoteketezwa usiku wa tarehe 11 Desemba. Ripoti yake ilikuwa kali, na chama kilifanya mikutano mingi kuieneza. Ila tangu Mei mwaka huo wafanyakazi wa reli wa Ayalandi walikuwa wakikataa kubeba askari na silaha, na chama chao cha wafanyakazi, chenye makao yake London, hakikuwaita wenzao wa Uingereza wagome pamoja nao. Mambo yakawa yale yale ya 1913: maneno mazuri, mikono mifukoni.

Baada ya Ayalandi kugawanywa, Waingereza wengi walidhani suala limekwisha. Bunge la London hata lilijiwekea desturi ya kutojadili mambo ya ndani ya Ayalandi ya Kaskazini. Walioendelea kulikumbusha walikuwa wachache, na hapa ningependa kukaa kidogo na watu wawili. Wa kwanza ni Desmond Greaves, mkomunisti na mwanakemia aliyeacha taaluma yake, akawa mhariri wa gazeti la Connolly Association, jumuiya iliyoanzishwa 1938 kwa ajili ya Waairishi wanaoishi Uingereza. Greaves hakupenda bunduki. Alisema udhaifu wa serikali ya Belfast ulikuwa katika haki za kiraia: katika chaguzi za halmashauri kura ilitegemea nyumba, na huko Derry Wakatoliki walikuwa wengi lakini mipaka ya kata ilikatwa ili wasishike halmashauri. Aliwaambia wenzake wawafikishie wabunge na vyama vya wafanyakazi habari hizo, bila kuchoka, mwaka hadi mwaka.

Wa pili ni Fenner Brockway, ambaye majirani zetu Wakenya wanamfahamu. Alitembelea Kenya miaka ya mwanzo ya 1950, alimjua Kenyatta, na mwaka 1954 alishiriki kuanzisha Vuguvugu la Uhuru wa Makoloni. Kwake yeye Nairobi na Belfast zilikuwa sura za kitabu kimoja. Mwaka 1971 alipeleka katika Nyumba ya Malodi muswada wa haki kwa ajili ya Ayalandi ya Kaskazini, ukakataliwa. Upande wa pili nao ulikuwa na kumbukumbu yake ya Kenya. Frank Kitson, ofisa aliyepambana na Mau Mau, aliongoza brigedi ya jeshi mjini Belfast kuanzia 1970 hadi 1972, na Agosti 1971 watu 342 walikamatwa siku ya kwanza ya operesheni ya kuweka watu kizuizini bila kesi.

Majeshi yaliingia mitaani Agosti 1969 kwa amri ya serikali ya Labour, na mwanzoni hata baadhi ya wasoshalisti walisita, kwa kuwa Wakatoliki wenyewe waliwapokea askari kama walinzi. Baada ya askari kuwaua kwa risasi waandamanaji 13 mjini Derry tarehe 30 Januari 1972 (wa 14 alikufa baadaye), kusita huko kuliisha. Mwishoni mwa 1973 likaundwa vuguvugu la Troops Out, lililodai majeshi yaondoke na Waairishi wajiamulie mambo yao. Mwanaharakati wa amani Pat Arrowsmith aliwagawia askari wa kambi ya Warminster vipeperushi vya kuwahimiza wasikubali kwenda kupigana huko. Mei 1974 alihukumiwa kifungo cha miezi 18 chini ya sheria ya uchochezi ya 1934. Rufaa yake ilikipunguza, akatoka kabla ya Krismasi. Mwaka uliofuata wanaharakati 14 walishtakiwa London kwa vipeperushi vya aina hiyo, na raia wa kawaida waliokaa kuamua kesi wakawaona hawana hatia ya kula njama.

Kisha ikaja Birmingham. Usiku wa tarehe 21 Novemba 1974 mabomu mawili ya IRA yalilipuka katika baa mbili na kuua watu 21, wengi wao vijana. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ilipitishwa katika muda wa siku nane tu, tena na serikali ya Labour. Iliruhusu mtu kushikiliwa siku saba bila mashtaka. Viwandani Waairishi walipigwa na wafanyakazi wenzao. Yale Marx aliyoyahofia kuhusu Clerkenwell yalitimia hapa. Wanaharakati walioendelea kusema majeshi yaondoke waliitwa watetezi wa wauaji, na ni lazima tukiri kwamba baadhi yao waliwarahisishia kazi wapinzani, kwa kuona haya kulaani kuuawa kwa watu wasio na silaha. Kutetea haki ya watu kujitawala hakumlazimishi mtu kunyamazia kila kinachofanywa kwa jina lao.

Tangu katikati ya miaka ya 1970 kura za maoni zilionyesha mara nyingi kuwa Waingereza wengi walitaka majeshi yarudi nyumbani. Mtu angedhani Troops Out ilikuwa imeshinda hoja. Sivyo. Watu walikuwa wamechoka tu, nao hawakuandamana kwa sababu ya kuchoka. Ken Livingstone, kiongozi wa halmashauri ya London, alipomwalika Gerry Adams mwishoni mwa 1982, Waziri wa Mambo ya Ndani alimpiga marufuku Adams kuingia, na magazeti yakamshambulia Livingstone kwa majuma mengi.

Kazi iliyozaa matunda ilifanyika kwa kelele chache zaidi. Watu sita, Waairishi waliokuwa wakiishi Uingereza, walikuwa wamefungwa maisha kwa mabomu ya Birmingham, baadhi yao baada ya kupigwa hadi wakatia saini maungamo. Mwaka 1980 Jaji Denning alikataa kusikiliza madai yao dhidi ya polisi, kwa hoja kwamba kama polisi walidanganya, basi jambo hilo lingekuwa la kutisha mno. Chris Mullin, mwandishi wa mrengo wa kushoto aliyekuja kuwa mbunge wa Labour, alifuatilia ushahidi kwa miaka, na mwaka 1986 akatoa kitabu. Rufaa moja ilitupwa mwaka 1988. Tarehe 14 Machi 1991 wale sita waliachiliwa, baada ya miaka 16. Hadi leo hakuna mtu mwingine aliyetiwa hatiani kwa vifo vya wale 21.