Jani la Dhahabu na Mvua ya Saa Nane

Elektroskopu ya jani la dhahabu ni kitu rahisi kuliko jina lake. Kisanduku chenye kioo, kijiti cha shaba kilichopenya kizibo, na chini yake kipande chembamba cha dhahabu kinachoning'inia. Ukisogeza juu kitu chenye chaji, jani linainuka kama mtu aliyeitwa ghafla. Aliyeibuni ni Abraham Bennet, kasisi wa Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1780. Zaidi ya karne mbili baadaye, mimi na wenzangu tuliichora kwa penseli huku Bomet, tukaweka vishale na majina. Kwenye daftari jani liliinuka kila mara.

Maabara ilikuwa hadithi nyingine. Mwalimu alisugua fimbo ya plastiki kwa kitambaa, akaisogeza, jani likatulia tu. Akasugua tena. Tukacheka kidogo, halafu tukanyamaza kwa sababu alikuwa ameshaanza kukasirika. Nje mvua ilikuwa inanyesha, ile ya saa nane ambayo mtu wa Silibwet haitaji hata kuitazama angani. Tukaambiwa chombo ni kizee. Tukaambiwa pia hatuko makini. Kuna wasichana na wavulana waliotoka pale wakiamini fizikia si ya watu kama wao.

Hakuna aliyetaja hewa. Unyevu ukishika kwenye kizibo na kioo, unaacha utando mwembamba wa maji usioonekana, na chaji inatorokea hapo kabla jani halijapata nafasi ya kusimama. Waonyeshaji wa umeme huko Ulaya walilijua hilo mapema. Walipenda siku kavu za baridi kali, na vioo vyao walivipasha moto kwanza. Tangu chupa ya Leyden ya miaka ya 1745 na 1746 mpaka mashine za kuzungusha za Wimshurst katika miaka ya 1880, vyombo hivi vilizaliwa kwenye vyumba vyenye moto wa kuni na wageni waliokuja kushangaa cheche. Vilipoletwa kwetu, hali ya hewa yake ilibaki kule. Chai inaipenda hii hewa yetu, jani la dhahabu hapana.

Na bado silabasi ya 8-4-4 ilianza umeme hapo hapo. Fomu wani, chaji tuli. Sumaku na nguvu zake ukangojea fomu tu, na jinsi sumaku inavyozaa umeme ukangojea mpaka fomu foo. Ni mpangilio wa historia ya Ulaya, kwa sababu kule ndiko cheche zilitangulia. Mimi ningeanza na sumaku, kwa sababu sumaku haijali mvua.

Angalia Hans Christian Ørsted. Mwaka 1820 huko Copenhagen, akiwa mbele ya wanafunzi wake, aliona sindano ya dira ikicheza karibu na waya wenye mkondo. Dira, waya, betri, basi. Jaribio hilo linafanyika Silibwet mwezi wa nne, matope yakiwa mpaka kwenye goti. Halafu Michael Faraday, London, 1831: alisukuma sumaku ndani ya koili ya waya na sindano ya galvanomita ikaruka, akaivuta nje, ikarukia upande wa pili. Faraday alianza kama mwanagenzi wa kujalidi vitabu, chuo kikuu hakukanyaga. (Mimi nilikikanyaga, nikatoka kabla ya kumaliza. Namtaja tu.)

Na uthibitisho tunao karibu. Mto Nyangores unapita chini ya hospitali ya Tenwek, mwendo mfupi kutoka Silibwet, na tangu 1987 maporomoko yake yanaizalishia hospitali umeme. Maji yanazungusha mtambo, sumaku na koili vinapishana, taa zinawaka kwenye chumba cha upasuaji. Ni jaribio la Faraday, limekuzwa tu. Wakati huo nyumba nyingi za hapa jirani ziliwasha koroboi. Sisi tunaita umeme stima, neno lililotoka kwenye mvuke wa Waingereza, ilhali hapa stima yenyewe ni maji baridi.

Kenya ilijaribu kutibu shida ya vyombo. Mwaka 1976 ilianzishwa SEPU, Nairobi, kutengeneza vifaa vya sayansi vya shule, vilivyopangwa kwenye kasha moja ili hata shule isiyo na maabara iweze kufundisha. Wazo lilikuwa zuri. Lakini shule inayoogopa gharama ya kununua tena inafunga kasha kabatini, na mwanafunzi anakutana na galvanomita siku ya mtihani wa praktiko, mikono ikitetemeka.

Wapo ambao hawangojei kabati lifunguliwe. Pale senta kuna fundi anayesuka upya mota za posho mill zilizoungua. Anatoa waya mweusi, anahesabu mizunguko ya koili ya zamani, anasuka mpya kwa mkono, idadi ile ile. Anahesabu kwa Kipsigis, kwa sauti, na mvua ikipiga mabati anaongeza sauti. Ukitaka kumwuliza kitu, unangoja afike mwisho.