Mtoto Asiyesema na Soko la Sondu

Sondu ni soko la mpakani. Sisi Waluo wa Nyakach tunaleta samaki na vyungu, Wakipsigis wanashuka na mahindi na maziwa, Wakisii wanakuja na ndizi. Asiyejua lugha ya mwenzake huonyesha fungu la omena, huhesabu bei kwa vidole, na biashara inaisha vizuri. Sokoni mikono haijamwaibisha mtu. Aibu hiyo ilipandwa darasani.

Mwaka 1961 shule za viziwi zilifunguliwa Nyang'oma, upande wa Bondo, na Mumias. Wakati huo ulimwengu wa elimu bado ulifuata msimamo wa mkutano wa Milan wa 1880: kiziwi asome midomo na atoe sauti, ishara zipigwe marufuku. Shule ya Viziwi ya Machakos ilipoanza kufundisha kwa ishara na sauti pamoja, ilikuwa 1986. Robo karne ya watoto ilikwishapita.

Mtoto mwenye usonji alisubiri darasa lake muda mrefu zaidi. Daktari Leo Kanner aliieleza hali hiyo Marekani mwaka 1943, ila vijijini kwetu mtoto huyo aliendelea kuitwa mkaidi au aliyerogwa. Mwaka 2003 wazazi waliunda Chama cha Usonji cha Kenya, na darasa la watoto wao likaanza katika Shule ya Msingi ya City, Nairobi.

Miaka yangu ya ualimu niliitegemea njia ya kubadilishana picha, iliyobuniwa na Andy Bondy na Lori Frost huko Delaware mwaka 1985. Mtoto anakukabidhi picha ya uji, unampa uji papo hapo. Humwambii kwanza, "Sema uji." Kadi zangu nilizikata kwenye katoni za sabuni. Iliyofanya kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kadi ya "imetosha". Msichana mmoja aliyekuwa akituuma mikono somo likirefuka alijifunza kuitoa, nami nikamwacha ainuke. Kuuma kukapungua wiki baada ya wiki.

Wazazi waliniuliza, "Mwalimu, akizoea picha si hatasema kamwe?" Hofu hiyo ndiyo ya Milan, kwamba ishara huzuia sauti. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2006 ulionyesha kwamba wengi waliopewa ishara au picha waliongeza usemi, na hakuna aliyepungukiwa. Kilifi nako, watafiti Karen Bunning, Joseph Gona na wenzao walipeleka njia hizi majumbani mwa familia za vijijini, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Haki yenyewe imo katika Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010: mtu mwenye ulemavu atumie ishara, breli au njia nyingine inayomfaa.

Kwa hiyo, mama, usingoje mtoto aseme ndipo umpe kadi. Mpe leo, uende naye Sondu. Nanyi wachuuzi, akiwakabidhi picha ya ndizi, mtajieni bei na mpimieni kama mteja mwingine yeyote.