Mabati Hayaliwi

Hii Julai ya Eldoret inauma, na shosho hapimwi baridi kwa mabati ya nyumba yake.

Tuangalie historia kidogo. Pesa ya wazee ilipoanza miaka ya 2000, ilikuwa ya maskini wa miaka 65 kwenda juu. Lazima kwanza uonekane huna kitu. Mwaka 2018 serikali ikabadilisha: umefika 70 na huna penshani? Sh2,000 kwa mwezi, bila kukaguliwa nyumba.

Mimi naona hapo walipatia. Nyumba nzuri inaweza kuwa watoto walijenga, na ndani hakuna pesa ya makaa. Mwaka 2024 SHA ikarudisha maswali ya paa na choo. Kwa wazee wetu, umri utoshe. Ama nyinyi mnaonaje?