Ushanga na Donge la Kioo

Msomaji wa Barumbu, labda umepata kuona mezani kwa mtu donge la kioo lenye maua madogo ndani, limewekwa juu ya karatasi zisipeperuke. Viwanda vya Baccarat na Clichy, huko Ufaransa, vilijipatia sifa kwa kazi hiyo katika miaka ya 1840. Leo matajiri hushindana kununua yale ya zamani.

Kumbe ndugu yake alifika kwetu zamani, nao ni ushanga. Fundi hushika kioo cha moto, rangi juu ya rangi, mwenzake hukivuta mpaka kiwe chembamba kama ufito, kisha hukatwa vipande. Vipande vyenye maua hufunikwa kwa kioo safi. Vyenye tundu ni shanga. Mafundi wa Murano, karibu na Venezia, ni mabingwa wa kazi hiyo.

Mwaka 1871 Stanley alinunua Unguja magunia 22 ya shanga. Zilizopendwa sana ni samisami, nyekundu nje, nyeupe ndani. Wasafiri waliandika kwamba ziliitwa pia kivunja-mji, eti wanawake hawakutulia mpaka wazipate. (Walioandika walikuwa wanaume.) Kwa shanga na nguo misafara ililipia chakula, njia na pembe za ndovu. Tippu Tip, aliyewekwa liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani, mwaka 1887, alitajirika kwa pembe. Na zile zilizotwaliwa kwa bunduki hazikulipiwa hata ushanga mmoja.