Mshamba Kwenye Pazia

Miaka kumi kabla ya kuapishwa kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, Rashidi Kawawa alikuwa mshamba wa kuchekwa. Ilikuwa kwenye picha, bila shaka. Aliigiza katika Muhogo Mchungu, filamu ya Kiswahili iliyotengenezwa na kampuni ya Afrika Kusini kwa kushirikiana na serikali ya kikoloni, juu ya mtu wa kijijini anayeingia mjini na kupokewa na wajanja. Kawawa alikuwa pia mtumishi wa serikali, na kazi yake ilimpeleka kwenye sinema za kuzunguka vijijini. Alijua vizuri nani angecheka, na angecheka wapi.

Sinema ya gari ilikuja na kila kitu chake: jenereta, kitambaa cheupe, mashine ya kuonyeshea na mtu wa kushika kipaza sauti. Mtindo huo ulikuwepo tangu 1935, pale Vugiri karibu na Korogwe, Meja Notcutt na wenzake walipoanza jaribio la filamu za elimu kwa Waafrika. Mpaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu kadhaa kuhusu kodi, safura, mmomonyoko wa udongo na benki ya posta. Sauti iliwekwa kwenye sahani za santuri, na pale lugha ya santuri ilipogoma, mtu alisimama akaeleza. Mtazamaji wa kijijini alizoea mapema kwamba picha huja na msemaji wake.

Kwa watu wa Ufipa, uwanda wa juu wa kusini-magharibi mwa nchi, kicheko cha Muhogo Mchungu kisingekuwa chepesi. Vijana wa uwanda huo walikuwa wakienda kwenye mkonge wa Tanga na machimbo ya dhahabu ya Lupa, na aliyerudi mikono mitupu hakuhitaji filamu ya kumsimulia. Wakubwa waliopanga maonyesho walimtazama mshamba kama somo. Waliokaa chini kwenye nyasi walikuwa na kila sababu ya kumtazama kama ndugu.

Uhuru ulipokuja, hadithi iliendelea kuwa ileile, mwisho ndio uliobadilishwa. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa 1968, ilitoa Fimbo ya Mnyonge katikati ya miaka ya 1970: kijana Yombayomba anahangaika, anakwenda mjini, anashindwa, kisha anapata nafuu katika kijiji cha ujamaa. Hiyo ndiyo miaka ambayo Mkoa wa Rukwa, wenye Ufipa ndani yake, uliundwa, 1974, na ndiyo miaka ya Operesheni Vijiji, ambapo kaya nchi nzima ziliambiwa zihame. Serikali ilimwonyesha mnyonge akichagua kijiji kwa hiari yake, wakati wanyonge wengi walikuwa wakibebwa na malori. Ni vigumu kupiga makofi kwa moyo wote ukiwa bado unatafuta mahali pa kusimika nguzo za nyumba mpya.

Kisha zikaja kanda za video, na serikali ikapokonywa kipaza sauti.

Kibanda umiza, ukumbi mdogo wa video wa mtaani, hakikuwa na makuu: mabenchi, giza, runinga ya chogo, deki, na kelele za waliomwonya steringi, shujaa wa filamu, kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Sumbawanga, makao makuu ya Rukwa, ilibidi hata umeme wa kuwashia deki ununuliwe Zambia. Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alijipatia jina nchini kwa kuzungumza Kiswahili juu ya filamu za nje, akichomekea utani na mawaidha yake mwenyewe. Hapa mnyonge alipewa haki ambayo filamu za serikali zilimnyima. Steringi hafi, wala harudishwi kijijini kwa agizo la mtu.

Ndiyo maana Queen of Katwe, filamu ya Disney ya mwaka 2016, inastahili kuwekwa kwenye ukoo huu. Mira Nair aliipiga Uganda na Afrika Kusini, juu ya Phiona Mutesi, muuza mahindi wa Katwe, mtaa wa Kampala, aliyefundishwa sataranji na Robert Katende akaiwakilisha nchi yake. Kwenye uwanda wa Ufipa, unaoishi kwa mahindi, binti mwenye beseni la mahindi si kiumbe cha ajabu. Lupita Nyong'o, kama mama Harriet, anauza vitambaa vya urithi ili binti asome kwa taa ya mafuta. Sehemu hiyo ina uzito zaidi kuliko mechi zote za sataranji zilizomo. Filamu ikiisha, kila mwigizaji anasimama kando ya mtu halisi aliyemwigiza.

Wahakiki wa Marekani waliisifu, na watazamaji wa huko walipoulizwa wakitoka ukumbini waliipa A+, daraja la juu kabisa. Fedha zilikataa: iligharimu dola milioni 15, ikaingiza kama milioni 10 dunia nzima. Hesabu hiyo ni ya tiketi za majumba ya sinema. Kibanda umiza hulipwa sarafu mlangoni, na Disney haina karani hapo.