Maziwa ya Moto ya Magamba

Jirani yangu hapa Madale anauza barafu za ubuyu. Huchemsha ubuyu na sukari, akatia hiliki, kisha sufuria inakaa barazani mpaka ipoe ndipo afunge vipakiti na kuvipanga kwenye friza. Nilimuuliza kwa nini asiweke ya moto. "Utaua friza, baba."

Mwaka 1963 wanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, waliamini hivyo hivyo. Walipotengeneza askrimu walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakasubiri yapoe. Siku moja nafasi kwenye jokofu iligombaniwa. Erasto Mpemba, wa kidato cha tatu, akamwona mwenzake anawahi kuweka maziwa yasiyochemshwa. Naye akaingiza yake yakifuka moshi. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado uji mzito.

Mpemba alipouliza sababu, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, katika shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine aliita jambo hilo fizikia ya Mpemba, na darasa zima likalifanya utani. Kanuni ya Newton ya kupoa ilishasema. Nani abishane na kitabu? Hapo ndipo panaponiuma, maana rafiki yake Mpemba aliyeuza askrimu Tanga mjini alishamwambia kwamba wao huweka ya moto ili igande upesi. Aristotle aliligusa jambo hilo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, wakafuata Bacon na Descartes. Ulaya ikasahau, kisha sisi tukafundishwa usahaulifu wake kama elimu.

Alipokuja Mkwawa Denis Osborne, mwanafizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Mpemba akanyoosha mkono akauliza tena. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, aliahidi kupima. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education, Mpemba akiwa tayari chuoni Mweka, anasomea wanyamapori. Ubishi haujaisha: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima wakasema hawaoni ya moto yakitangulia.

Ninayemfikiria zaidi ni fundi wa maabara aliyepewa kazi ile ya kupima Dar es Salaam. Alirudi na jibu kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaahidi kurudia mpaka apate jibu sahihi. Vipimo vikarudiwa. Ya moto yakatangulia tena.