Wengi Ni Nani?

Waswahili husema, "Wengi wape." Mithali hii ni nyepesi yanapokuwa mambo mawili ya kuchagua; yakiwa matatu, huzuka swali: wengi ni nani?

Swali hilo lilijadiliwa Paris zamani za wafalme. Mwaka 1770 Jean-Charles de Borda, mwanahesabu na mwanamaji, aliwaeleza wenzake wa Akademia ya Sayansi mfano huu. Wapiga kura ni 21, wagombea ni A, B na C. A apata kura 8, B 7, C 6. Basi A ndiye mshindi. Walakini wale 13 waliosalia wote wamweka A nyuma kabisa. Angeshindana na B peke yake, au na C peke yake, angeshindwa kwa kura 13 kwa 8. Aliyeitwa chaguo la wengi kumbe ndiye aliyekataliwa na wengi. Borda akashauri kila mtu awapange wagombea wote kwa daraja, na kila daraja ipewe alama.

Condorcet hakuridhika. Katika kitabu chake cha mwaka 1785 alitaka wagombea washindanishwe wawili wawili. Lakini yeye mwenyewe aliiona kasoro ya njia hiyo. Wa kwanza apenda A, kisha B, kisha C. Wa pili B, C, A. Wa tatu C, A, B. Hapo A humshinda B, B humshinda C, na C humshinda A. Kila mmoja ana akili timamu; jamii yao ndiyo izungukayo kama ngamia wa kinu.

Condorcet aliyaunga mkono Mapinduzi ya 1789. Mwaka 1793 rasimu yake ya katiba ilikataliwa, akaamriwa akamatwe. Machi 1794 alikutwa amekufa kifungoni. Fumbo lake likabaki.

Mwaka 1951 Kenneth Arrow wa Marekani alithibitisha kwamba, wagombea wakiwa watatu au zaidi, hakuna kanuni ya kuunganisha daraja za watu wote kuwa mpango mmoja usiozunguka, ikatimiza yote haya: ipokee mapenzi yoyote ya watu, apendwaye na wote kuliko mwenziwe awe juu yake, nafasi ya A na B isigeuzwe kwa ajili ya C, wala neno la mtu mmoja lisiwe ndilo neno la wote.

Hayo hayaibatili kura. Yaonyesha tu kuwa kanuni nayo hupiga kura. Kwa hiyo yafaa watu waijue na kupatana juu yake kabla sanduku halijafunguliwa. Baada ya hapo, kila mtu huipenda ile iliyompa ushindi.